Mtoto sio gunia la korosho

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Huku kwetu Newala hela za korosho zikishaingia ndo ndoa nazo zinaanza kuyumba, na ugomvi mkubwa unakuwaga nani abaki na watoto. Juzi baba mmoja jirani kamchukua binti yake wa miaka minne usiku usiku kwa bodaboda, mtoto kavalishwa koti la babaake linaburuza chini, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, eti kisheria mtoto ni wa baba. Nani kamdanganya?

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vizuri akae na mama, ila baba akiwa na sababu za maana anaruhusiwa kupinga na mahakama ndo inaamua, inaangalia kwanza maslahi ya mtoto, halafu matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe kama anaweza kujieleza, na mila. Wajomba nao wasijisahau, najua sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama lakini mila peke yake haimalizi kesi. Na mama akipewa mtoto sio kwamba baba kapumzika jamani, matunzo yako palepale.

Mhariri, hebu hivyo vifungu vichapeni kwa Kiswahili chepesi kabla ya msimu ujao. Kile kiatu bado kipo dirishani kwa mama yake.

Mama wa watatu,
Newala, Mtwara