Kwa mdogo wangu, kabla hujanunua nyumba kaunti ya Cherokee

Mdogo wangu,

Picha za nyumba nimezipata. Ni nzuri, na uwanja wa nyuma unawatosha watoto kucheza. Lakini macho yangu yameganda kwenye jina la kaunti: Cherokee. Wewe ulifika Georgia, Marekani, kwa bahati nasibu ya grini kadi. Nakumbuka mama alivyopiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Basi ujue kwamba ardhi hiyo nayo iligawiwa kwa bahati nasibu.

Georgia ilianzia pwani, ikiwa koloni la Waingereza. James Oglethorpe na walowezi mia na ushee walifika Savannah Februari 1733, na aliyewapokea ni Tomochichi, mkuu wa Wayamacraw, wenyeji wa hapo. Mwaka 1735 utumwa ulipigwa marufuku katika koloni hilo. Hilo huwa linaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu marufuku hayo hayakufika mbali: kuanzia 1751 watumwa waliruhusiwa, mashamba ya mpunga yakaenea, na sensa ya 1790 ikahesabu watu 82,548, watumwa wakiwa 29,264. Miaka mitatu baadaye, kwenye shamba la Mulberry Grove karibu na Savannah, Eli Whitney akaunda mashine ya kuchambua pamba. Sasa pamba ya bara ililipa, na kila mtu akataka shamba bara.

Bara kulikuwa na wenyewe. Mkataba baada ya mkataba, Wamuskogi, ambao wazungu waliwaita Wakriki, walisukumwa magharibi, na mpaka ukahama mto hadi mto: Oconee, Ocmulgee, Flint, mwishowe Chattahoochee. Makao makuu ya jimbo nayo yakafuata nyuma, kutoka Savannah hadi Augusta, Louisville, kisha Milledgeville.

Ardhi iliyopatikana igawiwe vipi? Mwaka 1795 wabunge wa Georgia walihongwa wakauza mamilioni ya ekari za magharibi kwa bei ya kutupa. Wananchi walikasirika, na mwaka uliofuata bunge jipya likaifuta sheria ile. Ndipo ikaja bahati nasibu, ya kwanza 1805. Pipa moja lilikuwa na majina ya watu, jingine namba za viwanja pamoja na karatasi tupu. Mkono mmoja huku, mkono mmoja kule. Mwanamume mzungu aliye huru alipata nafasi moja, na aliyekuwa na mke na watoto alipata nafasi mbili. Wajane na yatima nao walikumbukwa. Kwa walioruhusiwa kucheza, ulikuwa mgawo wa haki kuliko ule wa rushwa. Mtu mweusi jina lake halikuingia kwenye pipa. Mwenye ardhi, wala hakuulizwa.

Zamu ya Wacherokee, wenyeji ambao kaunti yako imepewa jina lao, ilifika dhahabu ilipoonekana milimani kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1820. Hawa walikuwa na katiba yao ya 1827, maandishi yao aliyoyabuni Sequoyah, na gazeti lao lililochapwa New Echota, makao makuu yao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama Kuu ya Marekani ikatamka kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi yao. Mwaka huohuo Georgia ikazungusha mapipa: viwanja vya ekari 160, na vya dhahabu ekari 40.

John Ross, chifu wao mkuu, alikuwa Washington akiwatetea watu wake. Aliporudi mwaka 1835 alikuta nyumba yake, pale ulipo mji wa Rome leo, ina mtu mwingine ndani. Mshindi wa bahati nasibu. Ross akavuka kwenda Tennessee na familia yake, akaishi kwenye kibanda cha magogo. Mwaka 1838 wanajeshi wakawatoa waliobaki, na takriban watu 4,000 wakafa kambini na njiani kuelekea magharibi.

Sikukatazi kununua. Mmehangaika miaka mingi na kodi za pango, na nyumba hiyo mmeitolea jasho. Ila Jumamosi moja kabla ya kusaini, wachukue watoto uwapeleke New Echota. Si mbali na hapo, na mahali pale pamehifadhiwa. Mkubwa ameshajua kusoma, aoneshwe zile herufi za Sequoyah. Kisha nipigie simu, hata kama huku ni usiku wa manane.

Kaka yako