Kabla hamjalaumu gita, angalieni ethi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile barua ya msomaji wenu wa Mbale aliyesema bendi za makanisani siku hizi zinalia kama mashine ya kusaga, ati hata kabla wimbo haujaanza spika ziko mmmmmm mpaka mahubiri yaishe, na dawa aliyotoa ni tuache vyombo vya bei rahisi tununue vya maana. Sasa mimi ni mpiga gita hapa Jinja, Jumamosi niko kwenye harusi na kwanjula za watu, zile sherehe za utambulisho, Jumapili niko kanisani, na huo mvumo anaousema nimekaa nao miaka. Naomba nafasi kidogo nimjibu, kwa heshima, manake hiyo dawa yake mimi nilishainywa na ugonjwa haukupona.

Kwanza huo mvumo una noti yake. Mpiga kinanda wetu ndiye aligundua, siku moja gita linavuma akabonyeza G ya chini kabisa, ikaoana. Stima yetu Uganda inakwenda mizunguko 50 kwa sekunde na ile G ya besi, fureti ya tatu kwenye waya mnene, ni 49, kwa hivyo tukiimba kwa kii ya G mvumo unajificha ndani ya wimbo wala hakuna anayejua, lakini mchungaji akisema tupandishe kidogo, nusu hatua tu, basi banange, ni kama nyuki wameingia chini ya viti. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa dawa yetu, kila wimbo G. Kwaya ikaanza kulalamika.

Na sisi wa Jinja tuna bahati yetu ya ajabu. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alikuja hapa kufungua bwawa la stima la Owen Falls, hili tunaloita Nalubaale sasa, na mwaka huohuo kampuni ya Fender kule Marekani ikatoa Stratocaster, gita lenye pikapu za koili moja, siyo pikapu za kubeba matoke, nasema zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, ambazo zinanasa kelele za stima yoyote iliyo karibu. Ugonjwa na mgonjwa wamezaliwa mwaka mmoja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini shida iko kwa gita. Nikishika nyuzi mvumo unapungua, nikiachia unarudi, nikasema basi ndani kuna waya umekatika. Kumbe ni kinyume. Ukigusa nyuzi ukapungua maana yake waya wa ethi, yaani wa kuungia na ardhi, unaokwenda kwenye briji pale nyuzi zinapofungwa, uko mzima, ni mwili wako uliokuwa unakusanya takataka za hewani kama antena na sasa umeungwa. Ya kuogopa ni pale ukigusa chuma cha jeki, pale kebo inapochomekwa, mvumo unazidi, hapo aliyesolda jeki amebadilisha waya mbili. Lakini hilo nilikuja kulijua nikiwa tayari nimetoa laki tatu kununua pikapu za koili mbili, zile ambazo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliziombea hataza mwaka 1955, koili moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku zake kinyume, hivyo kelele ya stima inajiua yenyewe na sauti ya nyuzi inajumlika. Ni akili kubwa, na siwezi kusema uongo, ile zzzz ya taa za tyubu ilipungua sana. Ila mmmm ilibaki palepale, na laki tatu zangu zimeenda.

Alhamisi moja baada ya mazoezi nikabaki na kijana wa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, tukasema leo hatuondoki. Tukachomoa kila kitu. Amplifaya peke yake bila kebo, volyumu katikati: kasauti kadogo ka pumzi tu, kale ambako amplifaya zote zinako. Tukatia gita langu la zamani la koili moja kwa kebo fupi bila pedali, vile viboksi vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, zzzz ya tyubu ikaja, nikaanza kuzunguka pole pole kama mtu anayetafuta netiwaki, na kweli kuna upande nikielekea mlangoni ule mlio karibu unakufa kabisa, nikirudi kutazama taa unafufuka. Jaribuni nyumbani, haina gharama.

Pedali ninazo nne na zote zilikuwa zinakula kwa adapta moja ya volti 9 yenye mkia wa vichwa vingi. Tukazirudisha moja moja. Tatu za kwanza hakuna neno, ilipoingia ile dilei ya dijito, ya kurudia sauti kama mwangwi, kukaanza kafilimbi ka mbali, hiiiii. Nikaitia dilei betri yake peke yake, kafilimbi kakafa. Hiyo ni adapta: pedali ya dijito inatema uchafu kwenye mto ambao wenzake wanakunywa. Zipo adapta ambazo kila tundu limetenganishwa na jirani yake, ni ghali, mimi bado ni wa betri.

Sasa mmmm yenyewe bado hatujaiona. Ilikuja kijana alipochomeka kebo ndefu inayotoka nyuma ya amplifaya kwenda mikisa. Mmmmmm. Akachomoa, kimya. Akachomeka, mmmmmm. Tukaangaliana.

Amplifaya ilikuwa kwa soketi ya jukwaani, mikisa iko nyuma karibu na mlango kwa soketi nyingine, kati yao mita kama 30. Kila chombo kina njia yake ya ethi kwenda ardhini, halafu kebo ya sauti nayo ina ule wavu wa waya kwa nje unaounga vyombo hivyo viwili, kwa hivyo ethi zinakutana huku na kule mpaka zinafanya duara, na kwa kuwa ethi mbili zilizo mbali haziko sawasawa kabisa, kamkondo ka stima kanazunguka humo na mikisa inadhani ni muziki. Hapo hakuna kilichoharibika, gita zima, amplifaya nzima, mikisa nzima. Unaweza kununua vyombo vya Ulaya vya milioni kumi ukavipanga hivyohivyo na vitavuma hivyohivyo, na hilo ndilo nataka ndugu wa Mbale alisikie.

Tulivuta ekstensheni moja nzito kutoka jukwaani, mikisa na amplifaya zikala kwa soketi moja, na mvumo ukabaki wa kuutafuta na sikio. Baadaye tukapata DI boksi, kaboksi ka kupitishia sauti ya chombo kwenda mikisa, yenye kile kiswichi kinachotenganisha ethi ya waya wa sauti, ikamaliza hata hako kalikobaki. Shida iliyobaki ni akina mama wa chai, wakiona ekstensheni wanaleta birika.

Angalia vizuri hapo: kile kiswichi kinakata ethi ya waya wa sauti, siyo ya stima. Manake mafundi wetu wengi wana njia ya haraka, wanakata mguu wa ethi kwenye plagi ya amplifaya au wanafunga plagi ya miguu miwili, halafu kwa kuwa soketi zetu hizi za Kiingereza hazifunguki mpaka lile tundu la juu lichokolewe, wanadunga kalamu. Mmeshaona kalamu ya Bic imesimama kwenye soketi jukwaani? Mvumo unaisha kweli, na kila mtu anamsifu fundi.

Mwaka jana nilipiga kwenye ukumbi mmoja wa harusi, siutaji. Nimeshika nyuzi, nikasogeza mdomo kwenye maiki kuitikia kiitikio, pap! Mdomoni. Kama kupigwa kofi na chuma, mpaka machozi, na MC akadhani nacheza akasema mpigieni makofi. Baadaye nikakaa na fundi wa ukumbi tukafungua ile soketi ya jukwaani. Kwa nje ina matundu matatu, safi kabisa. Kwa ndani waya mbili tu, na pale pa ethi skrubu inang'aa kama imetoka dukani leo, haijawahi kushika waya tangu jengo lijengwe. Amplifaya yangu ilikuwa inavujisha stima kidogo kwenye chuma chake, chuma kimeungwa na nyuzi, nyuzi ziko mkononi mwangu, na maiki imeungwa kwa mikisa iliyo na ethi nzuri kule nyuma, basi njia ya kwenda ardhini ikapita mdomoni mwangu. Mwaka 1972 mpiga gita Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani namna hiyo huko Swansea, gita mkononi, akagusa maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa. Mimi nilipata kofi tu.

Siku hizi natembea na multimita kwenye mfuko wa gita. Naiweka kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki, mkono wangu haujagusa chuma chochote. Ikisoma zaidi ya volti mbili tatu sipigi mpaka wapange upya, na maharusi wamenikasirikia mara mbili kwa sababu hiyo. Kwenye matenti ndio balaa, jenereta ndogo ya kubeba imekaa juu ya mipira yake kwenye nyasi, hakuna hata msumari ulioigusa ardhi, na mwenye kukodisha anakuambia hii ni mpya bwana.

Kuna mvumo mmoja tu ambao nakubali ni wa chombo, ule unaobaki amplifaya ikiwa peke yake bila kebo na volyumu ziko sifuri, na mara nyingi unakuwa juu kidogo, mizunguko 100 badala ya 50, oktavu nzima. Huo kwa kawaida ni kapasita za pawa, zile za kulainisha stima ndani ya amplifaya, zimezeeka. Peleka kwa fundi anayejua, usifungue mwenyewe, zile amplifaya za tyubu, siyo tyubu za taa, ni zile vavu za kioo, zinaweza kubakiza volti zaidi ya 300 ndani hata ukiwa umechomoa plagi na kwenda kula. Na wale wanaoletewa amplifaya za Marekani za volti 120 na ndugu zao, angalieni hiyo trensfoma ya kushushia kama ina mguu wa ethi, nyingi ninazoziona hazina, hapo unakuwa umerudi kwenye habari ya kofi.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Mbale, na wazee wa kanisa na wenye kumbi wanaosoma hapa, kabla kamati haijachangisha pesa ya amplifaya mpya, mwiteni fundi wa stima afungue soketi za jukwaani kwa bisibisi, aone kama waya wa ethi upo na unafika kwenye ile fimbo iliyochimbiwa nje. Na aangalie kama waya wa kopa wa hiyo fimbo bado upo, manake wezi wa vyuma chakavu nao wanaujua.

Kanisani kwetu amebaki adui mmoja. Jumapili iliyopita katikati ya maombi, gita kimya, mikisa kimya, mara kwenye spika tititi-tititi-tititi, halafu baada ya sekunde mbili simu ikaita. Mchungaji huwa anaweka simu yake juu ya amplifaya yangu ili aone saa. Nimeshamwambia mara mbili. Gazeti lenu huwa analisoma.

Ni mimi mpiga gita,
Jinja