Harambee ya ghala la yaa

Wapendwa wana wa kijiji mlioko Kampala, Juba, Nairobi na kwingineko, tunawasalimu kutoka Otuke, kaskazini mwa Uganda.

Wengi wenu mlisomeshwa na yaa, mti wa shea unaozaa kokwa za mafuta. Mnakumbuka kutoka na mama alfajiri, kabla mbuzi hawajatangulia, kuokota matunda yaliyodondoka usiku. Nyama ya matunda hayo mliila njiani, kwa kuwa mtama ulikuwa umeisha nyumbani. Kokwa zikaanikwa, zikapasuliwa, zikakaangwa, zikasagwa na kuchemshwa hadi mafuta yakaelea. Moo yaa hayo, yaani mafuta ya yaa, yaliunga mboga, yakapakwa watoto wachanga, na yaliyobaki yakauzwa mpate karo.

Leo miti hiyohiyo inakatwa kwa makaa. Hatuwalaumu wanaoiuza. Karo ya muhula wa pili hudaiwa kuanzia mwishoni mwa Mei, wakati yaa bado zinadondoka na mvua inaozesha kokwa zisizokauka. Mama asiye na pa kuziweka huziuza kwa bei anayoitaka dalali, na isipotosha, mchoma makaa yuko mlangoni na noti mkononi. Agizo la Rais la mwaka 2023 lilipiga marufuku biashara ya makaa huku kaskazini, lakini marufuku hailipi karo. Na yaa huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa. Mti mmoja ukiangushwa leo, mtoto anayezaliwa leo hataokota chini ya mbadala wake hadi awe mtu mzima.

Soko lipo. Mafuta ya yaa za huku ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, na watengenezaji wa vipodozi huyatafuta. Tunachokosa ni mahali pakavu na mashine.

Akina mama wa parokia wameamua kujenga ghala la kukaushia na kuhifadhi kokwa, pamoja na chumba cha mashine ya kusaga na kukamua. Kiwanja tumepewa na ukoo. Matofali tumefyatua ya udongo na saruji, yasiyochomwa, tusije tukakata miti ili kuiokoa miti. Yamebaki mabati, saruji ya sakafu na mashine yenyewe.

Toa bati moja, mfuko wa saruji, au shilingi 10,000 kwa mweka hazina wa parokia. Kila mchango utaandikwa daftarini na kusomwa hadharani siku ya harambee, baada ya Misa. Asiye na pesa alete debe la kokwa; tutalipiga mnada papo hapo.