Barua ya wazi kwa Waziri: pengwini hawezi kwenda mbali

Mheshimiwa Waziri wa Misitu, Uvuvi na Mazingira, Afrika Kusini,

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Mwaka 2018 serikali yenu ilitangaza kuwa lugha hii itafundishwa shuleni, basi huenda yupo kijana hapo ofisini wa kukusomea.

Mimi ni mtu wa Pemba. Kwetu hakuna pengwini, tuna pweza. Kisiwa Panza wavuvi hukubaliana kufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza akue, na ubishi mkubwa huwa ni wapi pafungwe. Hakosekani anayependekeza pale ambapo yeye havui. Kwa hiyo nilipofuatilia kesi ya pengwini wenu, ya kubishania maji gani yafungwe kwa wavuvi wa sadini, sikuhitaji mkalimani.

Ndege huyu ana kilo tatu hivi, haruki, na analia kama punda. Wakiwa na makinda, mmoja hubaki kiotani, mwenzake huingia baharini kutafuta sadini na dagaa. Lazima aogelee kwenda, azame, ashibe, aogelee kurudi kabla kinda hajalegea. Duara lake ni dogo, makumi machache ya kilomita. Sadini walio kilomita mia mbili kwake ni kama hawapo.

Halafu kila mwaka hubadili manyoya yote kwa mkupuo. Kwa wiki tatu hivi maji yanampenya, hathubutu kuingia baharini, hali kitu, na hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Asiponona mapema, ndiyo basi. Tena akimaliza anatoka na njaa ya wiki tatu, na samaki wasipokuwepo jirani, hana mahali pengine pa kwenda.

Mwanzoni mwa karne ya 20 walikadiriwa kupita milioni moja. Watu wakakusanya mayai, wakakwangua guano, yaani mbolea ya kinyesi cha ndege, ambamo ndege hawa walichimba viota, mayai yaliyobaki yakaachwa juani mbele ya shakwe. Leo, Afrika Kusini na Namibia pamoja, jozi zinazotaga hazifiki 10,000. Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, iliwahamishia kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Najua mnaweza. Meli ya Treasure ilipozama mwaka 2000, pengwini wapatao 19,000 walioloa mafuta walikusanywa na kuoshwa, mmoja mmoja. Na Machi 2025, mbele ya Mahakama Kuu ya Pretoria, mashirika ya kutetea ndege BirdLife South Africa na SANCCOB, wizara yako na wavuvi wa sadini walikubaliana kufunga uvuvi kwenye maji yanayozunguka makoloni sita, yaani maskani ambako pengwini hutaga, kwa miaka kumi. Hesabu mwenyewe: inaishia 2035, mwaka ule ule ambao watafiti walionya kuwa pengwini huyu anaweza kuwa ameisha porini.

Ofisi yako ndiyo inayogawa sadini na ndiyo inayomlinda mla sadini. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza, kila mwaka tangaza hesabu ya viota vya kila koloni kando ya tani za sadini zilizovuliwa, ukurasa mmoja, ili 2035 pasiwe na mtu wa kusema takwimu hazijakamilika.

Pili, St Croix. Kisiwa hiki cha Ghuba ya Algoa kilikuwa na koloni kubwa kuliko yote duniani. Mwaka 2016 meli zikaanza kujaziana mafuta ndani ya ghuba hiyo, kelele zikazidi, na idadi ya ndege ikaporomoka vibaya. Kufunga uvuvi hapo huku injini zikinguruma ni kumpakulia mgeni chakula na kumfungia mbwa mlangoni. Biashara hiyo itafutiwe maji mengine, mbali na kisiwa, na iandikwe kwenye kanuni kwa kilomita, siyo kwa maneno ya "tahadhari zitachukuliwa".

Nasubiri jibu lako, hata kwa Kiingereza.

Mvuvi wa pweza,
Pemba