Kikao cha uzamivu kimehamia Ijumaa

Habari za jioni, wanauzamivu. Alhamisi Prof. yuko kwenye utetezi wa tasnifu, hivyo tutakutana Ijumaa saa 4 asubuhi, Maktaba Mpya, Mlimani. Tusubiriane mlangoni.

1. Tuma sura uliyonayo, hata kama haijaiva, kabla ya Jumatano saa 12 jioni. Isizidi kurasa 15, na jamani wekeni namba za kurasa! Mara iliyopita muda mwingi uliishia kwenye "ukurasa upi huo?"
2. Njoo na fomu ya maendeleo iliyojazwa. Prof. anasaini hapohapo, wiki ijayo anasafiri.
3. Chai na vitumbua: sh. 3,000 kwa mhazini.

Mlioko uwandani Kigoma na Pemba, tutawaunganisha kwa Zoom.

Tafadhali jibu NAKUJA au MTANDAONI kabla ya kesho saa 6 mchana, nijue niagize vitumbua vingapi.