Mlalamishi naye apewe sababu

Mhariri,

Kazi yangu ni kupiga chapa. Nina meza, mwavuli na kompyuta kuukuu nje ya mahakama hapa Mombasa, shilingi 50 kwa ukurasa. Hati za kiapo, barua za kuulizia faili lililopotea, zote hupita mikononi mwangu. Malalamiko dhidi ya majaji pia.

Mengi hayafai, na wenye malalamiko mimi huwaambia hivyo kabla sijawasha mashine. Mtu ameshindwa kesi, hasira zimempanda, anataka niandike jaji amekula mlungula. Ushahidi? "Kila mtu anajua." Nenda ukate rufaa, namwambia, hilo si lalamiko.

Lakini yuko mzee wa Kwale aliyenijia mwaka jana na daftari la shule. Kila siku aliyoitwa kusomewa hukumu ya shamba lake ameiandika kwa kalamu nyekundu, na chini yake nauli. Mara 9 aliitwa, mara 9 akarudi mikono mitupu. Kanuni za kesi za madai zinasema hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kesi kumalizika kusikilizwa. Yake ilikuwa yaelekea mwaka wa tatu. Hakulalamikia kushindwa, maana hata kushindwa hajashindwa. Tukaandika, tukatuma kwa Tume ya Huduma za Mahakama, inayopokea malalamiko dhidi ya majaji. Jibu lilikuwa mistari minne: lalamiko limezingatiwa, halina msingi, faili limefungwa. Alitaka nimsomee tena, akidhani nimeruka ukurasa.

Sasa tazama Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 168 kinamruhusu mtu yeyote kuiomba Tume hiyo ianzishe safari ya kumwondoa jaji. Jopo linalomchunguza jaji likiamua dhidi yake, ana siku 10 za kukata rufaa Mahakama ya Juu. Aliyeleta ombi, likitupwa, kifungu hicho hakimwandikii rufaa yoyote. Kimbilio lake ni Kifungu cha 47, kinachotaka anayeathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi, na sheria ya 2015 iliyokifuata. Sheria hiyo ina meno: ofisi isipotoa sababu, mahakama inayopitia uamuzi itauchukulia kuwa haukuwa na sababu nzuri, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Majaji wenyewe njia ya mahakamani wanaijua. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda Tume isiendelee na maombi ya kuwaondoa majaji wa Mahakama ya Juu. Sina neno, jaji naye ni mtu wa kusikilizwa. Ila wao wana mawakili, mzee wangu ana daftari.

Wapo wanaosema mahakama ikipitia malalamiko yaliyotupwa, majaji watahukumu kwa woga. Woga wa nini? Haiombwi iseme jaji amekosa. Inaombwa iiulize Tume tu: barua mliisoma? Zile tarehe 9, jaji mlimuuliza? Kama mlimuuliza, alijibu nini? Kama hamkumuuliza, rudini mkaisome upya.

Naomba basi sababu zitolewe pamoja na uamuzi, siku ileile, pasipo mtu kuzifuata. Na ombi la mapitio liwe na fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, isiyohitaji wakili. Ya mzee wa Kwale nitaipiga chapa bure.

Mpiga chapa,
Mombasa