Usiifute sura ya nne

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama naye anaendelea vizuri, mengine nitakueleza siku nyingine kwa sababu ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi. Eti unataka kuifuta sura ya nne ya tasnifu yako, kisa mtahini amesema Cdk5 ni kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini) ya ubongo na ulichokiona kwenye kongosho ni uchafu tu?

Tafadhali usiifute.

Ni kweli ubongo ndio makao yake makuu. Panya walioondolewa jeni yake hufa tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, gamba la ubongo likiwa limevurugika. Na p35, protini inayoiwasha, imejaa kwenye nyuroni. Lakini Cdk5 yenyewe imo karibu kila tishu. La kuuliza ni nani anaiwasha huko. Kwa seli beta, zile za kongosho zinazotoa insulini, jibu lilitoka tangu 2005: p35 imo, na huongezeka glukosi ikizidi. Cdk5 ikiwaka huubandika fosfati mlango wa kalsiamu wa aina ya L, mlango ukaachana na protini zinazofungua vifuko vya insulini, na insulini ikapungua. Panya wasio na p35 walitoa insulini zaidi walipopata glukosi. Huo nao ni uchafu?

Ila ana hoja moja, na inaniuma kuikubali: visiwa vya Langerhans, yale mafungu ya kongosho zinamokaa seli beta, vina nyuzi za neva ndani yake, kwa hiyo mstari wako wa p35 kwenye jeli ungeweza kutoka huko. Basi rudia kwa INS-1. Zile zimetokana na uvimbe wa seli beta za panya, zinakua kwenye sahani bila neva hata moja. Mstari ukijitokeza penye kilodaltoni 35, hoja yake imekwisha. Kisha ivute p35 kwa kingamwili, ipe histoni H1, protini ya kubandikwa, upime fosfati, maana kuwepo si kufanya kazi. Na usiegemee roskovitini, ile dawa ya kuizuia Cdk5, peke yake, inazuia kinasi nyingine, Cdk2, pia. Nyamazisha jeni yenyewe.

Halafu kuna seli za mafuta, ambazo hukuzigusa kabisa! Mwaka 2010 ilionekana kwamba panya wakinenepa, Cdk5 hubandika fosfati kwenye serini (asidi amino) ya 273 ya PPAR gama, protini inayoongoza jeni za seli za mafuta, adiponektini, homoni inayoisaidia insulini, ikashuka, na rosiglitazoni, dawa ya kisukari, huizuia fosfati hiyo. Baadaye watafiti wakaiondoa Cdk5 kwenye seli hizo, na fosfati ikaongezeka: ERK, kinasi nyingine, ilikuwa imeshika kazi. Ningeweka yote mawili kwenye sura yako. Mtahini akiona hukuficha linalokupinga, atakuamini zaidi kwenye kongosho.

Yohana alisema zile INS-1 bado ziko kwenye friza, sijui kama amezipa mtu mwingine, na zikiyeyushwa zinataka muda kabla ya...

Hebu niambie: tarehe ya kurudisha tasnifu ni lini? Mwalimu ameyaona maoni hayo, au umeyabeba peke yako? Kingamwili ya p35 imebaki ya kutosha? Glukosi ulitumia viwango gani, na p35 ilipanda kweli kwenye kile cha juu? Nitumie picha za jeli zote, hata zile mbaya. Nitazipitia usiku huu huu.

Wako,
Zuhura